Uzamili wa Jiografia kwa Njia ya Masafa: Maelezo kwa Watumishi na Wananchi

Watumishi na wananchi wanaokusudia kujipatia Shahada ya Uzamili katika Jiografia bila ya kuacha kazi wanaelezwa hapa mambo ya kuangalia kabla ya kulipa ada. Wengi huanza kwa kuulizia gharama na muda. Hayo yana nafasi yake, lakini somo hili lina sharti la pekee: mwanafunzi wake anahitaji vitabu, na anahitaji pia ardhi ya kuichunguza. Kwa hiyo swali la mwanzo liwe kama chuo kitamruhusu kuandika tasnifu juu ya mahali anapoishi, na kama yupo msimamizi anayeifahamu nchi ya namna hiyo.

Mfano unaofaa ni Kaliua, wilaya ya Mkoa wa Tabora iliyoundwa mwaka 2012 kwa kuigawa Urambo. Jina hilo laweza kuwa geni kwa baadhi ya wasomaji wa Visiwani, ijapokuwa nchi yenyewe si ngeni kwao: misafara iliyovuka kutoka Unguja hadi Bagamoyo ilipanda hadi Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo, kisha ikaelekea Ujiji. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na baadaye Kaliua ikawa ndiyo njia panda ya reli ya Mpanda. Mwalimu au afisa ardhi aliyeko huko yuko mbali na kumbi za mihadhara, kama alivyo mwenzake wa Micheweni.

Lakini ana kitu ambacho aliye mjini hana. Misitu ya miombo imemzunguka, na wakulima wa tumbaku ya mvuke wanahitaji kuni kwa ajili ya mabani ya kukaushia. Wafugaji wamehamia na mifugo yao. Ulyankulu, iliyomo katika wilaya hiyo, ilifunguliwa mwaka 1972 kuwa makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, ambao wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania. Mwaka huohuo wa 1972 ndipo setilaiti ya kwanza ya Landsat iliporushwa. Picha za mwanzo zilikuwa hafifu, nukta moja ikichukua kiasi cha mita 80 za ardhi; tangu mwaka 1982 setilaiti zilizofuata ziliteremsha kipimo hicho hadi mita 30. Tangu mwaka 2008 hazina yake hutolewa bila malipo, na programu ya QGIS ya kuchora ramani nayo ni ya bure. Mtumishi mwenye kompyuta na intaneti ya wastani anaweza basi kupima jinsi msitu ulivyopungua, kisha akapanda baiskeli kwenda kuhakikisha kwa macho. Hilo la pili ndilo wanafunzi wa mbali hawaliwezi. Hata historia ina nafasi: mwaka 1871 Stanley alilazimika kuzunguka kwa upande wa kusini kwa sababu vita vya Mirambo vilikuwa vimeifunga njia iliyozoeleka, na kwa nini njia huhama ni suala la Jiografia hasa.

Kuhusu vyuo, cha kuanza kuulizia ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992. Kina vituo mikoani, Tabora ikiwemo, na vilevile Unguja na Pemba. Mwombaji aende kituoni aulize masomo yanayotolewa mwaka huo. Nje ya nchi, Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kimefundisha kwa masafa tangu mwaka 1946, na mtandao wa vyuo uitwao UNIGIS, ulioanza mwaka 1990, hufundisha mifumo ya taarifa za kijiografia kwa njia hiyo. Jina la shahada lisimzuie mtu. Mafunzo ya mazingira, ya maliasili au ya mifumo hiyo huwa ni Jiografia kwa jina jingine. Aangalie orodha ya masomo na apime kama muundo wake wa utumishi unaitambua.

Jambo linalowaumiza watu zaidi ni shahada isiyotambuliwa. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005, ndiyo yenye mamlaka ya kutambua shahada za nje, na mwombaji aulize huko kabla ya kujisajili, kwani miaka mitatu ya ada hairudi. Ajihadhari na chuo kinachotoa shahada kwa wiki chache, kisichodai mtihani wala tasnifu. Aidha, apate ruhusa ya mwajiri kwa maandishi, ijapokuwa atasoma usiku: siku za mitihani na za utafiti zitahitaji likizo.

Utafiti utakapofika, chuo hutoa barua ya utambulisho, ambayo mwanafunzi wa Kaliua ataipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa na kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri kabla ya kuingia vijijini. Ratiba ya kazi ya nyanjani aipange baada ya masika, kwani barabara za huko huharibika kwa mvua na wakulima huwa mashambani.