Roscommon: Nani Analipia Historia?

Mwaka 1979 Jim Callery, mwenye gereji ya malori katika mji mdogo wa Strokestown, kaunti ya Roscommon, katikati ya Ayalandi, alikuwa anatafuta ardhi ya kupanua biashara yake. Ardhi iliyomfaa ilikuwa mali ya familia ya Mahon, iliyokaa katika jumba la Strokestown Park kwa zaidi ya miaka 300. Mazungumzo ya kiwanja yakaishia kwenye ununuzi wa shamba zima, jumba na vyote vilivyomo. Ndani ya jumba Callery akakuta makaratasi ya ofisi ya shamba: daftari za kodi, barua za mawakala, na maombi ya wapangaji waliokuwa wakifa njaa miaka ya 1840. Angeweza kuliuza jumba akabaki na kiwanja chake. Hakuliuza. Mwaka 1994 Rais Mary Robinson alifungua Makumbusho ya Taifa ya Njaa katika mabanda ya zamani ya farasi, na fedha za kuanzia zilitoka kwenye kampuni ya malori.

Ukitaka kuielewa biashara ya makumbusho katika kaunti ya Roscommon, uliza kwanza kila kituo ni cha nani na mishahara inatoka mfuko gani. Kiingilio anacholipa mgeni mlangoni hakitoshi kuendesha karibu kituo chochote. Fedha halisi ziko kwingine, na kila kituo kimezipata kwa njia yake.

Roscommon haina bahari, na hilo ni pengo kubwa katika nchi ambayo watalii wengi huja kutazama miamba ya pwani na kunywa bia Dublin. Jengo moja tu, Guinness Storehouse, lilipokea watu zaidi ya milioni 1.7 mwaka 2019. Bodi ya utalii, Fáilte Ireland, iliizindua njia ya pwani ya magharibi, Wild Atlantic Way, mwaka 2014. Mwaka uliofuata upande wa mashariki na kusini ukapata jina lake. Kaunti za katikati zilisubiri hadi 2018 ndipo nazo zikatangazwa kwa jina la Ireland's Hidden Heartlands. Hata wenyeji wa kununua tiketi ni wachache: sensa ya 1841 ilihesabu Roscommon watu zaidi ya 253,000, na ile ya 2022 ilihesabu kama 70,000. Pengo kati ya namba hizo mbili ndiyo historia yenyewe inayouzwa.

Bei ina dari, na aliyeiweka dari hiyo ni serikali. Makumbusho ya Taifa ya serikali, tofauti na yale ya Njaa ya Strokestown, hayatozi kiingilio, likiwemo tawi lake la maisha ya vijijini lililofunguliwa 2001 katika kaunti jirani ya Mayo, lenye majembe, vikapu na vitanda vya wakulima vilivyopangwa kwa ustadi ambao kituo kidogo hakiwezi kuumudu. Abasia ya Boyle, iliyojengwa na watawa Wasistersiani kuanzia 1161, iko chini ya idara ya serikali ya majengo ya umma, OPW, ambayo kwa miaka kadhaa imekuwa ikimuuzia mtu mzima kadi ya yuro 40 inayofungua milango ya maeneo yake yote nchini kwa mwaka mzima. Familia ya watu wanne ikishajua kwamba ya serikali ni bure au karibu na bure, itasita kulipa kiingilio kamili kwenye kituo cha kijiji.

Ushindani huo wa bure uliwapata pia watu wa nasaba. Roscommon ina kituo chake cha kutafuta ukoo, hapo hapo Strokestown, na kwa miaka mingi vituo vya aina hiyo vilikusanya rejesta za parokia, vikaziandika upya na kuwauzia Wamarekani na Waaustralia majina ya mababu zao. Kisha mwaka 2015 Maktaba ya Taifa ikaweka picha za rejesta za parokia za Kikatoliki mtandaoni, bure. Sensa za 1901 na 1911 zilikuwa tayari zimeshawekwa. Kilichobaki kuuzwa ni faharasa na ujuzi wa mtu anayejua kwamba ukoo fulani wa Elphin huandikwa kwa tahajia tatu. Ujuzi huo bado una soko, ingawa si lile la zamani.

Basi nani anauza tiketi, anafagia, anakata nyasi na kupika supu? Mara nyingi jibu liko katika wizara ya ustawi wa jamii. Ayalandi ina mpango wa ajira za kijamii, Community Employment, unaowapa watu waliokaa muda mrefu bila kazi saa 19 na nusu kwa wiki katika shughuli zenye manufaa kwa umma, na malipo yao hutoka serikalini. Vituo vya urithi vijijini vimeutegemea mpango huu na ile iliyoutangulia tangu miaka ya ukosefu mkubwa wa ajira. Kwa lugha ya hesabu, gharama kubwa kuliko zote imekuwa ikiandikwa kwenye kitabu cha mtu mwingine.

Hapo ndipo penye kichekesho kichungu. Mwaka 2012 Waayalandi karibu 15 katika kila 100 walio kwenye soko la ajira hawakuwa na kazi, na vituo vilipata watu wa kutosha. Muongo mmoja baadaye kiwango kimeshuka chini ya asilimia 5, taifa linasherehekea, na meneja wa kituo cha urithi anatafuta mtu wa kukaa mapokezi Jumamosi. Sijui sekta nyingine ambayo uchumi ukinenepa yenyewe hukonda namna hii.

Arigna inaonyesha upande mwingine wa tatizo hilo la watu. Ni bonde la milima kaskazini mwa kaunti, karibu na ziwa Lough Allen, ambako chuma na baadaye makaa ya mawe vilichimbwa kwa karne kadhaa. Mwaka 1958 kilijengwa kituo cha umeme kando ya ziwa, kwa ajili ya kuchoma makaa ya Arigna tu. Mwaka 1990 makaa yaliyofaa yalikuwa yamekwisha, mgodi ukafungwa na kituo cha umeme kikazimwa. Bonde lilipoteza mishahara yake yote ya maana kwa mpigo. Walichofanya wenyeji ni kuurudisha mgodi sokoni kwa sura nyingine: mwaka 2003 wakafungua Arigna Mining Experience, na mchimbaji wa zamani akawa mwongoza wageni.

Mgeni huvaa kofia ngumu na kuingia chini ya ardhi, ambako nyuzi joto ni kama 10 kiangazi na kipupwe. Maji yanadondoka. Njia kuu unatembea umesimama, hadi mwongozaji anapoelekeza tochi pembeni, kwenye uwazi wenye kimo cha nusu mita hivi. Tabaka la makaa la Arigna lilikuwa jembamba mno, kwa hiyo mchimbaji aliingia humo akilala ubavu, bega moja kwenye maji, akalichimba kwa sururu ya mpini mfupi kwa saa zote za zamu yake. Hakuna bango linaloweza kueleza hali hiyo sawasawa na mtu aliyelala pale mwenyewe, anayejua ni ubavu upi uliomuuma jioni. Ndiyo bidhaa hasa ya Arigna. Lakini kijana aliyeingia mgodini mwaka wa mwisho akiwa na miaka 20 sasa amepita 50, na walio wengi ni wakubwa kuliko hapo. Mahandaki yatabaki. Sauti hizo hazina mbadala, na kurekodi ni nafuu tu ya ganzi, kwa sababu rekodi haijibu swali la mtoto wa shule.

Tukirudi Strokestown, mfadhili mmoja hata akiwa mkarimu kiasi gani huzeeka, na gereji haiwezi kubeba jumba la karne ya 18 milele. Mwaka 2015 uendeshaji ulichukuliwa na Irish Heritage Trust, taasisi isiyo ya faida inayosimamia nyumba za kihistoria, na mwaka 2022 makumbusho yakafunguliwa upya baada ya ukarabati wa takriban yuro milioni 5, Fáilte Ireland ikiwa miongoni mwa waliochangia. Sasa kuna michoro ya mwanga na sauti, na vifaa vya kusikilizia vya lugha mbalimbali. Imefanywa vizuri, ingawa kwangu vitu viwili vya zamani ndivyo vinavyofanya kazi ngumu zaidi. Kimoja ni jikoni lenye roshani juu yake: husimuliwa kwamba kila Jumatatu asubuhi bibi wa jumba alisimama pale na kumdondoshea mpishi karatasi ya mapishi ya wiki, asikanyage sakafu ya chini. Kingine ni makaratasi, zaidi ya 50,000, yanayoonyesha kwamba wakati karatasi za namna hiyo zinadondoshwa, nje ya uzio viazi vilikuwa vinaoza ardhini.

Ni nyaraka za biashara, na zinatisha kwa sababu hiyo. Wakala wa shamba alipiga hesabu na kumwandikia mwenye mali, Meja Denis Mahon, kwamba ni nafuu kuwalipia wapangaji nauli ya Kanada kuliko kuwachangia matunzo katika nyumba ya maskini. Mwaka 1847 watu 1,490 waliongozwa kwa miguu hadi Dublin kando ya mfereji wa Royal Canal, wakavushwa Liverpool, kisha wakapakiwa meli za Quebec. Wengi sana walifia baharini au kwenye karantini ya Grosse Île. Novemba mwaka huo huo Mahon alipigwa risasi akafa. Nchi nzima ilipoteza watu wapatao milioni moja kwa njaa na maradhi, na zaidi ya milioni moja wakahama.

Njia waliyopita wale 1,490 leo ni bidhaa pia. National Famine Way ni kilomita 165 kutoka Strokestown hadi bandari ya Dublin, za kutembea au kuendesha baiskeli, zenye alama za viatu vya shaba vilivyofinyangwa kwa mfano wa viatu vya mtoto vilivyokutwa kwenye paa la nyumba mbovu. Mtembeaji hununua pasipoti na kugongewa mihuri njiani. Kuna watakaoona ubaya katika kugonga mihuri juu ya safari ya vifo. Kibiashara, hata hivyo, ni hatua ya busara kuliko yuro yoyote iliyotumika kwenye skrini. Mgeni wa makumbusho hukaa saa mbili akaondoka, lakini mtembeaji hulala njiani siku kadhaa, anakula, na baiskeli yake inahitaji fundi.

Rathcroghan ni kesi ngeni kabisa. Katika eneo la kilomita za mraba sita na nusu hivi kuzunguka kijiji cha Tulsk kuna mabaki ya kale yapatayo 240: vichuguu vya makaburi, maboma, mawe ya kusimikwa. Hapo ndipo palipokuwa makao ya wafalme wa Connacht, na ndipo inapoanzia hadithi ya Malkia Medb na vita vya kugombea fahali, Táin Bó Cúailnge. Eneo limo katika orodha ya awali ya UNESCO pamoja na makao mengine ya kifalme ya Ayalandi. Kituo cha wageni ni cha jamii ya kijiji. Vichuguu vyenyewe vingi viko katika malisho ya wakulima binafsi, na juu yake wanatembea ng'ombe.

Yaani kituo kinauza tiketi ya kuona mali ya majirani. Kimelimudu jambo hilo kwa kuwageuza majirani washirika: mradi wa Farming Rathcroghan, uliogharimiwa kupitia mpango wa kilimo wa Ulaya, uliwalipa wakulima watunze makaburi na maboma sambamba na mifugo yao. Kivutio kikubwa ni pango la Oweynagat, ufa wa mwamba wa chokaa wenye mlango mdogo unaokulazimisha kuingia kwa magoti kwenye tope, chini ya jiwe lililochongwa maandishi ya kale ya ogham. Wenyeji hulihusisha na chimbuko la Halloween, na madai hayo yamewaletea kitu ambacho vituo vingine vya kaunti vingelipia kwa furaha: wateja mwishoni mwa Oktoba, wakati wengine wanahesabu siku za kufunga msimu. Gharama yake ni bima. Kupeleka watu pangoni si sawa na kuwapeleka mbele ya kabati la vioo.

Vingine nitavipitia haraka. King House, jumba la familia ya King mjini Boyle lililojengwa mnamo 1730 na baadaye kuwa kambi ya kikosi cha Connaught Rangers, ni la halmashauri ya kaunti, hivyo lina mgongo wa kuegemea, pamoja na ukawiaji wote wa bajeti ya umma. Halmashauri hiyo pia ni mbia wa msitu wa Lough Key, uliokuwa shamba la familia hiyo hiyo ya King, na huko watoto hulipiwa kuning'inia kwenye kamba za mitini bila wazazi kujadili bei. Clonalis, nyumba ya ukoo wa O'Conor uliotoa wafalme, ni ya binafsi. Wenye majumba kama hayo wanaweza kupunguziwa kodi kwa gharama za matengenezo, wakikubali kufungulia umma angalau siku 60 kwa mwaka. Makumbusho ya kaunti yenyewe, mjini Roscommon, yamo katika kanisa la zamani la Kipresbiteri na yanaendeshwa na watu wa kujitolea, wanaofungua pale mmoja wao anapopata nafasi. Kwa kaunti inayotaka kuishi kwa historia, hili la mwisho ni aibu kidogo.

Jambo la kuangalia kwa sasa ni barabara. N5, inayotoka upande wa Dublin kwenda Mayo, imekuwa ikipita katikati ya Strokestown, Tulsk na Frenchpark, ambako kanisa dogo linamkumbuka Douglas Hyde, rais wa kwanza wa nchi. Barabara mpya ya kilomita takriban 34, iliyoanza kujengwa 2021, imechorwa kupita nje ya miji hiyo yote. Dereva ataokoa dakika nyingi. Strokestown itastahimili, kwa kuwa mabasi yake ya wageni huagizwa mapema na wanaokuja wanajua wanakokwenda. Frenchpark haikuwa na mapato ya kupoteza. Mwenye kuumia ni Tulsk, ambako mkahawa wa kituo umelishwa na watu waliosimama kunywa chai wakaishia kununua tiketi, na mabango ya kahawia ya utalii kwenye barabara mpya yatakuwa na thamani kuliko tangazo lolote la Dublin. Arigna haitaguswa: huko juu hakuna aliyewahi kupita kwa bahati.