Balete: Mti wa Mashetani na Umri Usiohesabika

Katika mji wa Maria Aurora, mkoani Aurora, upande wa mashariki wa kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino, umesimama mti ambao mgeni aufikiapo kwa mara ya kwanza hutatizika kujua shina lake li wapi. Mahali pa shina pana mizizi tu, mingine myembamba kama kamba, mingine minene kuliko kiwiliwili cha mtu, nayo imesukana na kuungana tangu ardhini hata matawini. Katikati pana uwazi. Mtu aweza kupenya baina ya mizizi, akasimama ndani ya mti na kutazama juu kama atazamaye kutoka chini ya kisima. Wafilipino huuita mti wa namna hii balete.

Kwa desturi za huko, balete haupitwi kimya kimya. Mpita njia husema “tabi-tabi po”, maneno ya adabu ya kuomba njia, yanayokaribiana sana na “simile” ya Kiswahili. Tofauti ni kwamba huambiwa wasioonekana, ili wasije wakakanyagwa na kukasirika. Husimuliwa kwamba mtini humo hukaa diwata, walinzi wa misitu, na tikbalang mwenye kichwa na kwato za farasi, ambaye huwapoteza wasafiri wakazunguka mahali pamoja hata kuche. Lakini mkazi wake mashuhuri ni kapre, jitu jeusi lenye manyoya, liketilo juu ya tawi usiku likivuta tumbaku.

Kapre huyu astahili kuangaliwa kwa makini, maana amebeba tarehe yake mwenyewe. Tumbaku asili yake ni bara la Amerika. Ilifikishwa Ufilipino na Wahispania katika karne ya 16. Jina lake nalo limetokana na neno la Kihispania “cafre”, ambalo asili yake ni Kiarabu, na ni ndugu wa neno “kafiri” la Kiswahili. Wareno na Wahispania walilitumia neno hilo kuwaita Waafrika. Hivyo dharau ya mabaharia kwa watu weusi ilivuka bahari mbili, ikapanda mtini na kuwa zimwi la kutishia watoto. Imani ya kuwako mizimu mitini yaweza kuwa ya kale sana, lakini jitu hili pamoja na sigara yake haliwezi kuwa la kale kuliko majahazi ya Wahispania.

Kwa nini balete, wala si mti mwingine? Jibu limo katika namna mti huu unavyokua. Balete si jina la mmea mmoja, bali la aina kadhaa za jenasi ya Ficus, ambayo ina aina zaidi ya 700 duniani, mkuyu na mtini zikiwamo. Maisha ya balete huanzia angani. Ndege au popo hula tunda, akatua juu ya mti mwingine na kuacha mbegu katika kinyesi chake. Mbegu ikiangukia panda ya tawi penye vumbi na majani yaliyooza, huota. Huko juu mwanga ni mwingi, lakini maji na chumvichumvi ni haba. Kwa hiyo mche hukua polepole mno, huku ukiteremsha mizizi myembamba kuitafuta ardhi.

Siku mzizi wa kwanza ufikapo ardhini, mambo hubadilika. Chakula hupanda kwa wingi, nao mche huharakisha kukua. Jambo la ajabu ni kwamba mzizi uliokwisha kushika ardhi hujikaza. Mwaka 1968 wataalamu walioichunguza Ficus benjamina, mojawapo ya miti iitwayo balete, walieleza kwamba mizizi yake ya hewani hutengeneza mbao za namna ya pekee ambazo husinyaa, na mzizi uliokuwa ukining’inia ovyo hukazika kama kamba ya tanga. Mizizi igusanapo huungana na kuwa wavu unaouzunguka mti wa kwanza. Wavu huo huuzuia usinenepe, majani ya mgeni huunyima mwanga, na mizizi yake huunyang’anya maji. Aghalabu mti mwenyeji hufa baada ya miaka mingi, ukaoza, na uwazi alioingia mgeni kule Maria Aurora ndio kaburi lake.

Hata hivyo, kuuita balete mwuaji tu ni kuudhulumu kidogo. Nchini Australia, baada ya kimbunga cha mwaka 2013, watafiti waliona kwamba miti iliyokumbatiwa na mimea ya namna hii haikung’olewa kwa wingi kama ile isiyokuwa nayo. Katika nchi kama Ufilipino, ipigwayo na vimbunga kila mwaka, msaada huo si haba.

Suala la umri ni gumu zaidi. Mti wa Maria Aurora huitwa Mti wa Milenia, ingawa umri utajwao kwa kawaida ni miaka 600; hesabu hizo mbili haziafikiani, wala hakuna anayeonekana kusumbuka. Mwingine ulioko Canlaon, kisiwani Negros, husemwa kuwa una zaidi ya miaka 1,300. Na ule wa Lazi, kisiwani Siquijor, ambao chini yake hububujika chemchemi, miaka 400. Tarakimu hizo zafaa kupokewa kwa hadhari. Umri wa mti hujulikana vyema kwa kuhesabu pete za shina, lakini balete hauna shina la kuhesabiwa: katikati ni patupu, na kila mzizi ulianza kwa wakati wake. Tena katika nchi za joto, ambako ukuaji hausimami kabisa, pete mara nyingi hazionekani wazi. Na lipo tatizo la tatu. Mwaka 1991 uchunguzi wa chembe za urithi uliofanywa Panama ulionyesha kwamba miti mingi ya jamii hii, iliyodhaniwa kuwa mmoja mmoja, kwa kweli ilikuwa mimea kadhaa iliyoota juu ya mwenyeji mmoja na kuungana. Kabla ya kuuliza mti una miaka mingapi, basi, yapasa kwanza kuuliza ni miti mingapi.

Misitu ya Ufilipino ilipungua sana katika karne ya 20, hata sasa haifikii robo ya nchi, lakini balete kadhaa wakubwa wamesalia. Hofu ya mashetani imechangia; wengi hawakuthubutu kuukata. Yafaa kukumbuka pia kwamba mbao zake ni laini na zimepindapinda, hazina thamani kwa mfanyabiashara. Siku hizi tishio limegeuka: watalii huja kwa wingi, na nyayo zao hushindilia udongo, hewa na maji yakashindwa kuifikia mizizi midogo.

Hasara yake ingewafikia wengi. Balete mbalimbali huzaa kwa nyakati mbalimbali, hivyo hondohondo, njiwa na popo hupata matunda hata msimu ambao miti mingine haina kitu. Sababu yaweza kuonekana katika darasa lolote la Afrika Mashariki lililo karibu na mkuyu, kwa kuwa jamii yote ina utaratibu mmoja. Kuyu likipasuliwa kwa wembe, ndani huonekana mamia ya maua madogo yaliyoelekea katikati, na mara nyingi nyigu wadogo kuliko punje ya mtama. Jike huingia kwa tundu dogo lililo nchani, akiwa amebeba chavua, hutaga mayai na kufia humo. Wanawe wa kiume, wasio na mabawa, hupandana na majike, kisha hutoboa njia na kufa bila kuuona mwanga wa nje. Majike hutoka na chavua kutafuta mti mwingine. Kwa kuwa nyigu huyo aliyekomaa huishi siku moja au mbili tu, lazima wakati wote pawe na mti fulani wa aina hiyo, si mbali, ulio tayari kumpokea.