Dhahabu Tunayo, Chuma Je?

Tangu mwaka 2002 mgodi wa North Mara, hapa Matongo, unachimba dhahabu kwa mitambo iliyoundwa ng'ambo. Chuma chetu kimelala Liganga, na makaa ya mawe ya kukiyeyushia yapo jirani, Mchuchuma. Mkataba wa kuyachimba ulitiwa saini mwaka 2011. Miaka 10 baadaye tanuru lilikuwa bado halijawashwa.

Brazili ilianza kufua chuma Volta Redonda mwaka 1946. Mwaka 2018 ikashusha majini nyambizi Riachuelo, iliyoundwa nchini humo kwa ushirikiano na Ufaransa.

Sisi hatudai nyambizi. Twadai majembe, reli na meli za Ziwa Victoria zitokane na chuma chetu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tanuru la Liganga liwashwe.