Kabla hujamnunulia mtoto jiwe linalong'aa

Kwenye maonesho ya vito na madini, mtoto hatahangaika na tanzanaiti ya bei mbaya. Atang'ang'ania jiwe la kijivu la bei nafuu, linalong'aa kama bati jipya, lenye pembe za mraba utadhani limekatwa kwa mashine. Linyanyue. Likiwa zito kuliko ukubwa wake, muulize muuzaji jina lake.

Huenda ni galena, yaani madini ya risasi. Kulishika mara moja si shida. Shida ni vumbi lake kubaki vidoleni, kisha vidole mdomoni. Na sisi wakubwa tuna tabia ya kulamba jiwe ili rangi ionekane; mtoto anatuiga. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio unaoathirika zaidi. Sinaba, lile jekundu, lina zebaki.

Mdogo mchukulie amethisto ya zambarau, kipande kikubwa kisichomezeka. Mkubwa anayetaka galena aiweke kwenye kisanduku chenye mfuniko, asiigonge nyundo, na akiishika anawe kwa sabuni. Muuzaji asiyejua anachouza, mpite.