Kompyuta za Zamani Zinapopoteza Data: Chanzo na Hatua za Kuchukua

Na Mwandishi Wetu

Mizani ya magari ikituma uzito wa kilo 048250 kwenye kompyuta, kisha tarakimu 8 ikapotea, programu husoma 04250. Lori la tani 48 huandikwa kuwa la tani 4, na huenda onyo lolote lisionekane kwenye skrini. Ofisi ambazo bado zinapokea vipimo kupitia mlango wa mfululizo, ule wenye pini 9 nyuma ya kompyuta za zamani, zinapaswa kuifahamu hitilafu hii ya kufurika kwa data.

Mlango huo hupokea biti moja baada ya nyingine, na chipu yake huziunganisha kuwa herufi. Chipu ya 8250, iliyotumika katika IBM PC ya mwaka 1981, na 16450 iliyoifuata, huweza kutunza herufi moja tu iliyokamilika. Prosesa isipoichukua kwa wakati, herufi inayofuata huandikwa juu yake na ya kwanza hupotea. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, prosesa hupewa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa kasi ya 115,200, muda huo hushuka hadi sehemu 87 za milioni ya sekunde, hivyo prosesa inayoshughulika na diski huchelewa kwa urahisi.

Wengi hukimbilia kununua kebo mpya. Hata hivyo, kebo mbovu kwa kawaida huleta makosa ya fremu au ya pariti, ilhali kufurika hutokana na kuchelewa. Katika Linux, faili la /proc/tty/driver/serial huyatenganisha: alama ya oe ni kufurika, fe ni fremu na pe ni pariti. Ikiwa oe ndiyo inayoongezeka, kebo iachwe ilivyo.

Hatua ya kwanza, ambayo haina gharama, ni kupunguza kasi katika kifaa na katika kompyuta kwa pamoja. Mizani inayotuma tarakimu chache haihitaji 115,200.

Pale ambapo kasi haiwezi kupunguzwa, chipu ya 16550A ndiyo inayofaa, kwa kuwa ina foleni ya herufi 16. Foleni hiyo ni lazima iwashwe. Katika Windows, kisanduku cha FIFO kimo katika mipangilio ya juu ya mlango husika. Kiwango cha kuiamsha prosesa nacho kiangaliwe: kikiwekwa herufi 14, hubaki nafasi mbili tu, kikishushwa hadi 8, prosesa husumbuliwa mara nyingi zaidi lakini hupata muda wa kutosha. Diski nayo iruhusiwe kutumia DMA, ili prosesa isibebe data yake yenyewe.

Udhibiti wa mtiririko wa RTS na CTS hutegemewa kupita kiasi. Katika chipu hizi, ishara ya kusimamisha hutolewa na programu, na prosesa iliyochelewa kuchukua herufi huchelewa pia kuitoa. Udhibiti huo hulinda hifadhi ya programu, si chipu.

Baada ya marekebisho, rekodi zilizopita zilinganishwe na stakabadhi za karatasi, kuanzia siku kasi ya mlango ilipopandishwa au kompyuta ilipoongezewa kazi nyingine.