Kigoda cha Milansi: Njama za Wafalme, za Mapenzi na za Majumbani Mwetu



Mtu wa visiwani akitajiwa Sumbawanga, neno la kwanza linalomjia ni uchawi. Tunalisikia vibarazani, tunalisikia kwenye shughuli za harusi, na mara nyingine linaleta madhara ya kweli. Posa inakuja, kijana ana dini na ana kazi yake ya halali, lakini mtu mmoja ananong'ona jikoni kwamba mama yake ni mtu wa Sumbawanga, na mambo yanaishia hapo. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyetumwa kuchunguza. Mnong'ono umetosha.

Kwa hiyo tumeona tuuzungumze mji huo, na uwanda wa Ufipa ulio nao, kwa habari nyengine kabisa. Wafipa wana kisa kikongwe cha njama iliyoangusha ufalme bila ya mkuki kurushwa, na kisa hicho kinatufaa sana sisi wa Unguja na Pemba, ambao kasri zetu nazo zimeona mengi.

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Ufipa ni uwanda wa juu, wenye baridi, uliopo baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Sumbawanga ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, mkoa ulioanzishwa mwaka 1974. Watu wake ni wakulima wa mahindi, maharage na ulezi. Tangu zamani hufukia nyasi ndani ya matuta ya mviringo ili zioze na kuirutubisha ardhi, na mababu zao walikuwa mafundi wa kuyeyusha chuma katika tanuri za udongo zinazopita kimo cha mtu. Ama jina la mji, maelezo yanayojulikana na wengi ni kwamba limetokana na maneno ya Kifipa yenye maana ya "tupa uchawi", yaani mgeni akija auache uchawi wake nje. Neno wanga nasi tunalijua visiwani, halihitaji tafsiri. Basi mji uliopewa jina la kuukataa uchawi ndio uliogeuzwa na midomo ya watu kuwa mji wa wachawi! Huo nao ni mfano wa namna maneno ya chini kwa chini yanavyofanya kazi.

Sasa kisa. Mtaalamu wa mila, Roy Willis, Mwingereza aliyekaa Ufipa katika miaka ya 1960 akikusanya masimulizi ya wazee, alikieleza kwa urefu katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1981. Masimulizi hayalingani katika kila jambo, na yamo ndani yake mambo ya itikadi za kale ambazo Muislamu hazikubali, kama vile kudai kwamba mfalme wa mwanzo, Ntatakwa, aliteremka kutoka mbinguni. Lakini kiini chake ni hiki. Mfalme wa Milansi, kijiji kikongwe chini ya mlima Itweelele, alikuwa ametoka kwenda kuwinda. Nyuma yake wakaja wanawake wageni watatu, ndio wazazi wa ukoo wa Watwa. Walipofika nyumbani kwa mfalme walipokewa kama wageni wanavyopokewa. Aliyekuwa mkubwa wao akataka pa kukaa, na mke wa mfalme akampa kigoda cha mumewe. Yako masimulizi yanayosema kwamba alikuwa ameusiwa asikitoe. Mfalme aliporudi akamkuta mgeni amekaa juu ya kigoda, na papo hapo akatambua kwamba nchi imemtoka.

Tuliangalie jambo hili kwa makini, maana hapa ndipo penye faida. Wanawake wale hawakuvunja mlango. Walitumia vitu vitatu ambavyo kila nyumba ya heshima inavyo: mlango ulio wazi kwa mgeni, haya ya mwenyeji anayeona vibaya kumnyima mgeni pa kukaa, na siku ambayo mwenye nyumba hayupo. Wenye njama wanaojua kazi yao hawaanzi na adui wa mtu. Wanaanza na wema wake. Ndiyo maana anayedhulumiwa kwa njia hii hubaki akijilaumu nafsi yake, na jamaa zake humlaumu vilevile, na aliyefanya hila anabaki amekaa kitini. Hata katika kisa chenyewe lawama imemwangukia mke aliyekirimu wageni, na sisi kwa upande wetu tunaona kwamba ameonewa.

La pili, na hili ndilo linalotushangaza zaidi, ni alichofanya mfalme baada ya hapo. Angeweza kuwaua wageni watatu nyumbani kwake. Angeweza kucheka mbele yao na kupanga hila yake usiku. Kisa kinasema walipanda pamoja mlima Itweelele, wakaitazama nchi, wakafikia mapatano hadharani: Watwa watawale, na Milansi ibaki na kijiji chake na heshima ya ukubwa katika mambo ya mila. Willis alieleza kwamba Wafipa walizifananisha pande mbili hizo na kichwa na kiuno: Milansi ni kichwa, yenye ukubwa na busara, na Watwa ni kiuno, wenye nguvu. Kilichochukuliwa kwa siri kikawekewa mipaka mbele ya watu. Milansi haikupata tena utawala, lakini haikufutika.

Watwa nao hawakusalimika. Ukoo wao uligawanyika, zikawa falme mbili, Nkansi na Lyangalile, zenye asili moja na uhasama mrefu. Jina la mwanzo linasikika mpaka leo katika Wilaya ya Nkasi.

Tukirudi kwetu, wazee wetu wanakijua kisa cha mwaka 1859. Sayyid Said bin Sultan alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, na Unguja ikabaki kwa mwanawe Sayyid Majid. Ndugu yake Barghash hakuridhika. Njama ikapangwa ndani ya familia yenyewe, pamoja na wakubwa wa kabila la Harthi, na dada zake wakaingia: Bibi Khole, na mdogo wao Bibi Salme aliyekuwa na umri wa miaka 15. Salme alikuwa na kitu ambacho watoto wa kike wa kasri hawakufunzwa: alijua kuandika. Alijifunza mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Elimu ile nzuri ikatiwa katika kazi ya kuandika barua za uasi. Majid alipoizingira nyumba ya Barghash, dada zake walimtoa akiwa amevishwa nguo za kike, akakimbilia shamba la Marseille. Waingereza wakamsaidia Majid, uasi ukavunjwa, na Barghash akapelekwa Bombay.

Mabaharia walipokwisha kuondoka na moshi ukatulia, kilichobaki kimevunjika ni udugu. Salme alipopatana na Majid, Khole na Barghash waliliona jambo hilo kuwa ni khiana. Msichana akabaki mpweke katikati ya ndugu wengi. Katika upweke huo ndipo alipojuana na jirani yake, mfanyabiashara wa Kijerumani Heinrich Ruete, na siri ya pili ikazaa safari ya usiku ya mwaka 1866 kwa manowari ya Kiingereza kwenda Aden. Huko alibatizwa na kuolewa tarehe 30 Mei 1867, jambo linalotuhuzunisha Waislamu mpaka leo. Mumewe alifariki mwaka 1870, na mwaka huohuo Barghash akakalia kiti alichokuwa akikitaka. Salme alipokuja Unguja mwaka 1885 pamoja na manowari za Kijerumani, Barghash hakumpokea. Bismarck alikuwa na hesabu zake juu ya pwani na bara, na bibi yule akawa karata mkononi mwake. Miaka si mingi baadaye bara yote, pamoja na Ufipa ya mbali, ilikuwa chini ya Wajerumani. Vyeo vya machifu wa Tanganyika vikafutwa mwaka 1963, na kiti cha Unguja kikaanguka Januari 1964.

Tumesimulia yote haya kwa sababu tunaulizwa mara nyingi: je, kila jambo la siri ni haramu? Jawabu ni hapana. Mtume (S.A.W.) alitoka Makka kwa siri, Sayyidna Ali akalala kitandani pake, na siku tatu zikapita katika pango la Thawr. Lakini tuangalie ni nani aliyekuwa upande gani. Makureshi walikaa Daru-n-Nadwa wakapanga kuua, kila ukoo utoe kijana mmoja ili damu igawanyike na asipatikane wa kulaumiwa. Mtume alificha njia yake ili aokoe uhai, na hakumwibia mtu kitu: amana za watu zilibaki na Ali azirudishe kwa wenyewe. Siri ya kujilinda na siri ya kudhulumu zinaweza kufanana gizani, na kinachozitenganisha ni kama upo mtu ambaye haki yake inaondoka.

Surat al-Mujadila imekataza kunong'onezana kwa dhambi na uadui, na imeruhusu mazungumzo ya faragha yaliyo ya wema na uchamungu. Katika Hadithi, wawili wamekatazwa kunong'ona wakamwacha wa tatu, kwa kuwa jambo hilo linamhuzunisha. Tazama jinsi sharia ilivyoingia mpaka kwenye huzuni ya mtu mmoja aliyekaa kimya pembeni. Na Surat Yusuf imezikusanya njama za namna zote: ya ndugu kwa wivu, ya mke wa mkubwa kwa mapenzi, na ya wakubwa waliomfunga mtu ilhali dalili za usafi wake wameziona. Nabii Yusuf alipoitwa atoke jela hakukimbilia mlango. Alitaka kwanza habari ya wale wanawake iulizwe waziwazi, na mke yule akakiri.

Sasa turudi kwenye ile posa. Kuuliza habari za mchumba si umbea, na kujibu kwa ukweli anapoulizwa mtu si kusengenya. Fatima bint Qays alipomshauri Mtume (S.A.W.) juu ya waliomposa, aliambiwa wazi kwamba Muawiya hana mali na Abu Jahm ni mkali kwa wanawake, akaelekezwa kwa Usama bin Zayd. Yalikuwa maneno ya kweli, mbele ya mwenye haja, kwa kadiri ya haja yake. Anayejua aibu ya kweli ya mchumba na akainyamaza kwa kuogopa watu, naye amemdhulumu binti wa watu. Ama kumhukumu kijana kwa jina la mji wa mama yake ni dhulma, na anayelipitisha neno hilo nyumba kwa nyumba ili posa ivunjike amefanya namima, hata akisema nia yake ni kheri.

Wazazi nao wasivunje posa kimyakimya kwa kutopokea simu, wala kumzungusha kijana miezi mitatu huku binti anaambiwa jengine. Mwambieni ndiyo au hapana, na kama ipo sababu mwambieni sababu, apate kujitetea. Tena yako mapenzi yanayofichwa walii kwa miezi na baadaye yakaletwa kama jambo lililokwisha. Mara nyingi yanaanza pale kijana alipoona kwamba mlango wa mbele umefungwa kwa maneno ambayo hakupewa nafasi ya kuyajibu.

Sumbawanga kuna misikiti na kuna Waislamu, na barabara ya lami inafika kutoka Mbeya kupitia Tunduma. Familia yenye shaka imtafute imamu wa mtaa anaoishi mama wa kijana, imwulize habari za nyumba hiyo kwa majina, kisha iwaite wazee wa pande mbili na iseme mbele yao ilichoambiwa.