Kondo la Nyuma Lisiguswe kwa Mikono Mitupu

Ng'ombe akitupa mimba ya miezi saba katika boma la Wamagana, huku Tetu, mwenyewe huhesabu hasara mbili papo hapo: ndama aliyepotea na maziwa yatakayokosekana. Kisha huinama, akalivuta kondo la nyuma kwa mikono mitupu na kulitupa shambani au kumwachia mbwa. Hasara ya tatu huanzia hapo, na safari hii anayeipata ni yeye.

Ikiwa mimba imetolewa na Brucella abortus, basi kondo hilo limebeba bakteria kwa mabilioni. Huyu ndiye anayeleta ugonjwa ambao wengi tunauita brusela. Ng'ombe huupata akilamba au kula majani yaliyochafuliwa na majimaji ya uzazi ya mwenzake. Bakteria hupenya utando wa mdomo na koo, wakamezwa na chembe nyeupe za damu, zile zenye kazi ya kuwaua, lakini wao huishi humo humo na kuzaana. Mimba inapokua, kondo la ng'ombe hujaa aina ya sukari iitwayo erithritoli, na Brucella huipenda kuliko glukosi. Watafiti wa Uingereza waliligundua hilo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kondo la ng'ombe limeshikana na mji wa mimba kwa vifundo 75 hadi 120 hivi. Bakteria huvishambulia vifundo hivyo mpaka vikafa, na ndama hukosa hewa na chakula. Mimba hutoka, mara nyingi baada ya mwezi wa tano, na kondo nalo hukataa kutoka. Mara nyingi ng'ombe huyo hutupa mara moja tu. Ndama anayefuata huzaliwa salama, mkulima akadhani yameisha, kumbe mama angali anatoa bakteria kwenye maziwa na kila anapozaa.

Daktari wa Denmark, Bernhard Bang, alimchinja ng'ombe aliyekuwa karibu kutupa mimba, akakuta kati ya mji wa mimba na kondo uteute wa manjano chafu, usio na harufu, umejaa bakteria. Aliyaeleza hayo mwaka 1897. Usio na harufu: nalitilia mkazo hilo kwa sababu wengi wetu huogopa kilichooza na kukiamini kisichonuka.

Kwa farasi jike mambo huenda kwa njia nyingine. Bakteria wanaolishambulia kondo lake, hasa wale wa jamii ya Streptococcus, hupanda kutoka ukeni kupitia mlango wa kizazi, hivyo kondo huanza kuharibika upande ule wa mlango. Ndiyo maana daktari wa farasi hulitandaza kondo lote chini kwa umbo la herufi F na kulikagua pembe kwa pembe, na lisipotoka ndani ya saa tatu huwa ni dharura. Punda na farasi Brucella huwapata pia, lakini mara nyingi kwa uvimbe wa mabegani unaotoa usaha na kukataa kupona. Mwenye punda wa mkokoteni anayelala zizi moja na ng'ombe asilipuuze donda kama hilo.

Turudi Tetu. Jua kali humwua Brucella upesi, ila mahali penye baridi, kivuli na unyevu anaweza kudumu kwa miezi. Wamagana iko kwenye miteremko ya Aberdare, penye ukungu na udongo usiokauka haraka. Kondo likitupwa kwenye majani ya nepia, majani hayo hayo hukatwa na kurudishwa horini. Chai yetu huchemshwa pamoja na maziwa, na hapo bakteria hufa. Mlango wa maziwa umefungwa kwa kiasi kikubwa, isipokuwa kwa mala ya maziwa mabichi. Mlango wa mikono uko wazi. Vaa glavu, chimba shimo refu, mwaga chokaa juu ya kondo, na mjamzito asikaribie.

Anayeambukizwa hupata homa inayokuja na kwenda, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na viungo. Tiba ni doksisaiklini na dawa nyingine, kwa kawaida rifampisini, kwa wiki sita. Lakini utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa kipimo cha haraka kilichozoeleka katika vituo vya afya hakiaminiki, na watu wasio na ugonjwa huambiwa wanao. Inaniuma kuona mtu akimeza dawa za wiki sita bure. Kipimo cha Rose Bengal ni bora zaidi, nacho si cha gharama kubwa.

Ninachotamani kukiona kiko kwenye vyama vya ushirika vya maziwa. Kuna kipimo cha pete: tone la bakteria waliokufa na kutiwa rangi huchanganywa na maziwa kwenye mrija. Maziwa yakiwa na kingamwili, rangi hupanda na mafuta na kufanya pete ya zambarau juu. Yasipokuwa nazo, rangi hubaki chini na malai hukaa meupe. Mkebe mmoja wa maziwa ya wakulima wengi hutosha kuonyesha pa kuanzia kupima damu ya ng'ombe mmoja mmoja. Ndama jike wa miezi 3 hadi 8 wakipata chanjo ya S19, na anayenunua ng'ombe akidai apimwe kabla ya kulipa, ugonjwa huu utakosa njia ya kuingia bomani.